Maswali ya Wasomaji: Nyuzi za Gitaa Kavu, Kuzichagua na Kuzibadilisha

Barua zinazotufikia kuhusu gitaa kavu, yaani gitaa lisilotegemea umeme, kwa kawaida huuliza gitaa la kununua na bei yake. Mwezi huu tumezitanguliza zile zinazouliza kuhusu nyuzi. Gitaa lenye nyuzi zisizolifaa hupoteza sauti yake, na katika barua ya kwanza mtaona kwamba linaweza kupoteza hata umbo lake.

Swali: Mheshimiwa, amani iwe kwako. Kwaya yetu ilipewa gitaa la zamani lililokuwa na nyuzi za nailoni. Nyuzi zilipochakaa, kijana mmoja alitushauri tuweke za chuma ili sauti isikike kanisa zima. Ni kweli sauti ilikua, lakini sasa daraja, kile kibao kinachoshika nyuzi tumboni mwa gitaa, linaanza kunyanyuka upande wa nyuma, na nyuzi zimekuwa juu kiasi kwamba vidole vinauma. Je, gitaa limekwisha? *Mwanakwaya, Iringa*

Jibu: Ndugu mwanakwaya, tafadhali zilegezeni nyuzi hizo leo hii, zote sita, kabla ya kufanya jambo jingine lolote. Gitaa bado linaweza kuokolewa, ila kila siku linayokaa limekazwa daraja linazidi kung'oka.

Gitaa mlilonalo, kwa maelezo yako, ni la klasiki, nalo limejengwa kwa ajili ya nailoni. Nyuzi sita za nailoni zikikazwa kwenye sauti yake ya kawaida huvuta kwa nguvu ya kama kilo 40 kwa jumla. Nyuzi sita za chuma za unene wa kawaida huvuta kwa kilo 70 na zaidi. Ubao wa juu wa gitaa la klasiki ni mwembamba, na ndani yake umeshikiliwa na vijiti vyepesi vilivyotandazwa kama ukuti, ilhali gitaa la nyuzi za chuma lina mbao nene zaidi zilizopishana katika umbo la X chini ya daraja. Zaidi ya hayo, shingo ya gitaa la chuma huwa na fimbo ya chuma iliyofichwa ndani ili ihimili mvuto, na magitaa mengi ya klasiki hayana fimbo hiyo. Kwa hiyo mlipoweka nyuzi za chuma mliliongezea gitaa mzigo ambao aliyelitengeneza hakuukusudia, na linaloonekana sasa ni daraja kung'oka, tumbo kuvimba na shingo kupinda.

Kuyatofautisha magitaa haya si kazi ngumu. Gitaa la klasiki lina kichwa chenye mianya miwili mirefu, na nyuzi huzungushwa kwenye mirija minene ambayo mara nyingi ni ya plastiki nyeupe. Shingo yake ni pana, takriban milimita 52 pale inapoanzia kichwani, na kwenye daraja uzi hufungwa kwa fundo. Gitaa la chuma lina shingo ya milimita 43 hadi 45, na kwenye daraja lake, mara nyingi, utaona pini sita zilizopigiliwa katika matundu. Mkiwa na mashaka, mulikeni tochi ya simu kupitia tundu la sauti mwone vijiti vya ndani vimepangwaje.

Baada ya kuzilegeza nyuzi, lipelekeni gitaa kwa fundi wa samani au wa ala anayejua kugandisha mbao kwa gundi na kuzibana kwa jiliwa. Msikubali daraja lipigiliwe misumari au skrubu, kwa sababu huo ndio ukarabati unaoyaua magitaa mengi ya makanisani. Gundi ikishakauka, rudisheni nyuzi za nailoni zenye mkazo wa kawaida. Hata hizo nailoni ni za karibuni: hadi Vita vya Pili vya Dunia, wapigaji wa klasiki walitumia nyuzi za utumbo wa wanyama, na ni katika miaka ya 1940 ndipo Albert Augustine wa New York, akishirikiana na mpigaji mashuhuri Andrés Segovia, alipozifanya za nailoni kuwa nyuzi za kutegemewa. Kama kanisa ni kubwa, wekeni kipaza sauti mbele ya tundu la gitaa. Hilo litaongeza sauti bila kulidhuru.

Swali: Mwalimu, shikamoo. Nimeanza kujifunza mwaka huu kwa gitaa la nyuzi za chuma. Dukani wameniuliza nataka namba 10, 11, 12 au 13, nikashindwa kujibu. Pia kuna pakiti zimeandikwa 80/20 na nyingine zimeandikwa fosforasi. Nichukue zipi, maana vidole vinaniuma sana? *Mwanafunzi wa kidato cha tano, Morogoro*

Jibu: Marahaba, mwanangu. Namba hizo ni unene wa uzi wa kwanza, ule mwembamba kuliko wote, uliopimwa kwa sehemu ya elfu ya inchi. Namba 12 maana yake ni inchi 0.012, karibu milimita 0.3. Pakiti nzima huitwa kwa jina la uzi huo, na nyuzi nyingine tano hufuata kwa ulinganifu: pakiti ya 12 kwa kawaida humalizikia na uzi wa sita wenye unene wa 53 au 54, na pakiti ya 10 humalizikia kwenye 47 hivi.

Uzi ukiwa mnene zaidi, huhitaji mvuto mkubwa zaidi ili kufikia sauti ileile, na ndio maana hutikisa ubao wa gitaa kwa nguvu na kutoa sauti nzito. Gharama ya nguvu hiyo huilipa kwa vidole. Kwa umri wako na kwa hatua uliyofikia, ningekuchagulia namba 11. Namba 10 ni laini zaidi, lakini kwenye gitaa kubwa huwa inapwaya, na ukicharaza kwa nguvu hugonga freti, vile vijiti vya chuma vilivyopachikwa shingoni, na kukwaruza. Namba 13 waachie wale wanaocharaza kwa kipigio kigumu kwenye gitaa kubwa lililo imara. Kwa gitaa la bei nafuu sizishauri kabisa. Gitaa likiwa la zamani au dhaifu kidogo, zipo pia nyuzi ambazo kiini chake cha chuma kimechanganywa na hariri, ambazo ni laini kwa vidole na huvuta kidogo, ingawa sauti yake ni ya upole.

Nakusihi, hata hivyo, kabla ya kuzilaumu nyuzi upime kimo chake. Kwenye freti ya 12, weka rula wima, uone nafasi iliyopo kati ya sehemu ya juu ya freti na sehemu ya chini ya uzi. Kwenye uzi wa sita tarajia milimita 2.5 hivi, na kwenye uzi wa kwanza milimita 2 au pungufu kidogo. Ukikuta milimita 4, hakuna namba ya pakiti itakayokuponya. Gitaa linahitaji fundi aurekebishe mfupa wa darajani, ule ukingo mwembamba ambao nyuzi hupita juu yake, au fimbo ya shingoni. Wanafunzi wengi huacha gitaa wakidhani hawana kipaji, kumbe walikuwa wanapambana na milimita mbili za ziada, na jambo hilo linanisikitisha kila ninapolikuta.

Kuhusu madini: maandishi ya 80/20 yanamaanisha waya unaozungushiwa nyuzi nene una shaba asilimia 80 na zinki asilimia 20. Sauti yake ni kali na angavu siku za mwanzo, kisha hufifia upesi. Zilizoandikwa fosforasi waya wake ni shaba iliyochanganywa na stani kidogo pamoja na fosforasi kiasi kidogo mno. Kampuni ya D'Addario ilianza kuziuza nyuzi za aina hiyo mwaka 1974. Sauti yake ina joto na hudumu zaidi. Kwa mtu anayenunua pakiti moja na kutaka ikae, chukua fosforasi. Na uwaangalie vizuri wauzaji, kwa sababu nyuzi za gitaa la umeme nazo hupangwa kwenye rafu ileile. Zile, uzi wake wa tatu kwa kawaida ni waya mtupu usiozungushiwa kitu, na ukiziweka kwenye gitaa kavu sauti hupooza.

Swali: Ndugu mjibu maswali, naishi karibu na bahari, na nyuzi zangu hushika kutu hata nisipopiga. Rafiki yangu anasema ninunue zilizovikwa utando, lakini bei yake ni ya juu. Je, zina faida ya kweli? *Msomaji, Tanga*

Jibu: Zina faida, na kwa mtu wa pwani faida hiyo ni kubwa kuliko kwa mtu wa bara. Hewa ya bahari ina chumvi na unyevu, na vyote viwili hula chuma cha nyuzi mbili nyembamba kisha hugeuza shaba ya zile nene kuwa nyeusi au ya kijani. Jasho la vidole huongezea hapohapo. Nyuzi zilizovikwa utando mwembamba wa plastiki, ambazo chapa ya Elixir ilizieneza kwa gitaa kavu katika miaka ya 1990, huzuia uchafu na unyevu kuingia katikati ya mizunguko ya waya. Baadhi ya wapigaji hawaupendi utelezi wake, na sauti yake mpya si angavu kama ya nyuzi tupu, lakini hubaki hivyo kwa muda mrefu zaidi. Kama pakiti moja yenye utando inakukalia muda ambao ungemaliza pakiti tatu za kawaida, hesabu iko upande wako.

Kabla ya kuongeza matumizi, hata hivyo, jaribu mambo ya bure. Nawa mikono na uikaushe kabla ya kupiga. Ukimaliza, chukua kitambaa kikavu cha pamba, ukibane kwenye kila uzi mmoja mmoja na kukivuta kutoka darajani hadi kichwani, ukihakikisha kinapita chini ya uzi pia, kwa sababu huko ndiko jasho hujificha. Lifungie gitaa kwenye kasha lake badala ya kuliegemeza dirishani, na ndani ya kasha weka vile vipakiti vya chembe za kufyonza unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu vipya.

Swali: Mwalimu, nyuzi hubadilisha fundi, nami huwa naangalia tu. Sasa nataka kujifunza mwenyewe. Shida yangu ni kwamba uzi wa kwanza hukatika kila mara, wakati mwingine siku ileile unapowekwa. *Mpiga gitaa wa harusini, Mombasa*

Jibu: Tuanze na uzi unaokatika, kwa kuwa mahali ulipokatikia panatoa ushahidi. Usiutupe, uchukue vipande viwili na kuvirudisha penye gitaa uone pengo limeangukia wapi.

Ukikatika darajani, mfupa wa hapo una ncha kali au tundu la pini lina kingo inayokata. Chukua pamba kidogo na kuiburuta polepole juu ya mfupa, pale uzi unapokaa. Pamba ikiacha nyuzinyuzi zake, umeipata ile ncha, na msasa laini wa namba 600 uliokunjwa na kupitishwa mara chache utaimaliza. Ukikatika kichwani, kwenye kigingi, angalia kama tundu la kigingi lina makali, au kama uliukunja uzi mara mbili mahali pamoja. Ukikatika kwenye mfupa wa shingoni, ule wenye mifereji ya nyuzi pale shingo inapokutana na kichwa, mfereji wake ni mwembamba na unaubana uzi. Dalili yake ni kwamba unapokaza, sauti haipandi kidogo kidogo bali inaruka ghafla pamoja na mlio mdogo. Sugua risasi ya penseli ndani ya mfereji, kwa kuwa grafaiti yake hulainisha. Na ukikatika katikati, mahali pasipo na kitu cha kuukata, huenda unaukaza kupita kiasi. Uzi wa kwanza ni E ya hezi 329.6, na programu nyingi za simu huonyesha herufi E bila kusema ni E ya oktavu ipi, kwa hiyo mtu hupita sauti sahihi na kuifuata ile ya juu yake, na uzi hauwezi kufika huko.

Sasa kazi yenyewe. Lilaze gitaa juu ya meza iliyotandikwa taulo, na shingo uiwekee kitambaa kilichokunjwa ili isining'inie. Legeza nyuzi mpaka zipwaye kabisa kabla ya kuzikata. Uzi uliokazwa ukikatwa ghafla huweza kukuchapa usoni. Pini za darajani usizing'oe kwa koleo, kwa sababu zitavunjika kichwa. Ingiza mkono kupitia tundu la sauti na kuzisukuma kwa chini kwa sarafu, zitatoka zenyewe. Watu wengi huogopa kuondoa nyuzi zote kwa pamoja wakisema shingo itapinda. Kwa saa moja au mbili haitapinda, na hiyo ndiyo nafasi pekee ya kuusafisha ubao wa shingo vizuri, ambako uchafu wa jasho hugandana pembeni mwa freti.

Chukua uzi mpya, na ile ncha yenye kigololi uikunje kidogo sana. Iingize kwenye tundu lake, kisha weka pini, ule mfereji wa pini ukitazama upande wa shingo ili uzi upite ndani yake. Hapa ndipo wengi wanapokosea: huipigilia pini kwa nguvu wakidhani ndiyo inayoushika uzi. Kinachoushika uzi ni kigololi kinapojibana chini ya ubao, pembeni mwa pini. Kwa hiyo bonyeza pini kwa kidole gumba kimoja, na kwa mkono mwingine uvute uzi juu mpaka uhisi kigololi kimegota. Ukiwa na kioo kidogo, kipitishe kwenye tundu la sauti pamoja na tochi: vigololi sita viwe vimekaa mstari mmoja, vimelala kwenye ubao, na kisiwepo kilichosimama juu ya ncha ya pini. Kilichosimama ndicho kitakachoirusha pini katikati ya wimbo, na harusini hilo si jambo la kutamani.

Kichwani, pitisha uzi katika tundu la kigingi, uvute mpaka unyooke, kisha urudishe nyuma kiasi cha sentimita 5 au 6 ndipo uanze kuzungusha. Kwa nyuzi nene mizunguko miwili au mitatu inatosha. Kwa nyembamba, minne hivi. Kila mzunguko ukae chini ya uliotangulia, usipishane, na uzi uingie kigingi kwa upande wa ndani wa kichwa. Uzi wenye mizunguko kumi iliyorundikana hautashika sauti kamwe, hata kama ni wa bei ya juu kuliko yote dukani.

Ukishazifunga zote, zikaze kidogo kidogo hadi zikaribie sauti yake, kisha uushike kila uzi katikati na kuuvuta kwa upole mbali na ubao, mara kadhaa, na kuurudisha kwenye sauti. Rudia mpaka usishuke tena. Anayeruka hatua hii ndiye anayesimama kila baada ya wimbo kutyuni gitaa mbele ya wageni. Mwisho kata mabaki na kuacha milimita 3 au 4, ukiikunja ncha kwa ndani ili isichome mtu. Kazi hii usiifanye siku ya harusi yenyewe. Ifanye siku moja kabla.

Swali: Bwana mwalimu, nasikia wapigaji wa rumba ya Kongo hubadilisha uzi wa nne wakaweka mwembamba. Je, naweza kufanya hivyo kwenye gitaa kavu bila kuliharibu? *Mpenzi wa rumba, Kigoma*

Jibu: Unaweza. Mpangilio huo wanamuziki wa Kongo huuita mi-composé, na huwapa ile sauti ya juu inayometameta, inayofanya gitaa moja lisikike kama mawili yanayoitikiana. Uzi wa nne, ambao ni D iliyozungushiwa waya, huondolewa, na mahali pake huwekwa uzi mwembamba unaokazwa oktavu moja juu.

D hiyo ya juu iko chini ya E ya uzi wa kwanza kwa toni moja tu, kwa hiyo uzi wa kwanza wa ziada unatosha. Chukua wa namba 12 au 11, kwa sababu ukishushwa toni moja mvuto wake hupungua kwa karibu sehemu moja ya tano, na wa namba 10 utapwaya. Gitaa halitadhurika, kwani jumla ya mvuto inapungua. Utakachokiona ni kwamba mfereji wa uzi wa nne kwenye mfupa wa shingoni ni mpana kwa uzi huu, nao unaweza kuyumba au kuvuma. Kipande kidogo cha karatasi ngumu ndani ya mfereji huondoa mvumo huo. Ukiona umeupenda mpangilio huu na hutarudi nyuma, ndipo umwombe fundi akuchongee mfupa mwingine, ule wa asili ukauhifadhi.

Swali: Ni kweli kwamba nyuzi kuukuu zikichemshwa hurudi kuwa mpya? *Msomaji, Nakuru*

Jibu: Zile nne zilizozungushiwa waya huchangamka kwa siku chache, kwa sababu maji ya moto hutoa mafuta na uchafu uliojificha kati ya mizunguko. Zikaushe kabisa kabla ya kuzirudisha, la sivyo kiini chake cha chuma kitaota kutu kwa ndani. Pitisha ukucha chini ya uzi, mahali unapokutana na freti za kwanza: ukihisi vishimo, shaba imekwisha kuliwa na freti, na hakuna maji yatakayoirudisha. Uzi wa kwanza na wa pili usivichoshe kwa kuvichemsha; ni waya mtupu, na ndizo nyuzi za bei ndogo kuliko zote ukizinunua moja moja.